Kinga na nyundo ya mawe: mwanafunzi wetu achague moja?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa mutualite, Goma. Msemaji ni mfanyakazi wa shirika linalotembelea familia zilizorudi. Komite iliomba yachapwe ili na wale ambao hawakufika wayasome.)

 

Mnanijua. Kazi yangu ni kutembea nyumba kwa nyumba, kuandika nani amepata parseli, nani bado analala kwa jamaa, mtoto gani amerudi masomoni na yupi amebaki nyumbani. Mimi si profesa wa mawe, na kinga naipanda tu kama watu wote. Lakini komite imeniomba niseme juu ya jambo ambalo liligawa mkutano uliopita, kwa sababu mimi njo nafika kwa familia ile na nafika pia chuoni kuuliza habari za vijana wetu.

Jambo lenyewe ni hili. Mfuko wa masomo unalipia sehemu ya minervali ya vijana wachache. Mmoja wao anasoma jiolojia, mwaka wa pili. Wazazi wake walirudi kutoka Uganda na yeye akiwa bado kijana wa sekondari. Jina lake sitalitaja, ninyi munamjua. Saa zake za mapumziko anazimaliza juu ya kinga, akiruka kutoka jiwe hadi jiwe katika ile lava ya zamani nyuma ya makao. Watu wamemwona, wengine wamempiga picha na simu. Kisha mzee mmoja akasimama hapa akasema: "Hatukotize feza ili mtu aruke mawe." Mama mmoja akamjibu kwamba kijana anafaulu, basi kelele ya nini? Mkutano ukaisha bila neno moja.

Leo sikuja kumtetea mtu. Nimekuja kueleza mchezo ule ni nini, masomo yale ni nini, saa zinagawanywa namna gani, na kisha nitaleta pendekezo ambalo ninyi wenyewe mutalikubali ao mutalikataa.

Mchezo ule

Mchezo unaitwa triali. Si mbio. Hakuna anayeshinda kwa sababu amefika wa kwanza. Mpandaji anapewa njia fupi yenye vikwazo: mawe, magogo, kuta, mapipa. Anatakiwa kuipita bila kuweka mguu chini. Kwa sheria za zamani, kila mguu uliogusa chini ni pointi moja mbaya, ukifikia tano njia ile imekushinda, na mwishoni mwenye pointi chache njo mshindi. Siku hizi mashindano makubwa yanahesabu kwa namna nyingine, lakini roho ya mchezo ni ile ile: kusimama juu ya magurudumu mawili pale ambapo mtu wa kawaida angeanguka.

Mchezo ulitoka kwa pikipiki. Kule Katalunya, Hispania, kulikuwa bwana mmoja, Pere Pi, mpanda pikipiki za triali wa kampuni ya Montesa. Watoto walitaka kufanya kama wakubwa lakini bila mota, basi zikatengenezwa kinga ndogo za kuruka. Mtoto wake, Ot Pi, akaja kuwa bingwa wa dunia. Leo kuna kinga za triali zenye magurudumu ya inchi 20 na za inchi 26, nyingi hazina hata kiti, kwa sababu mpandaji hakai kamwe. Kitu cha thamani kuliko vyote juu yake ni breki. Mpandaji anasimama juu ya breki: breki ikiteleza, meno yanaondoka.

Kijana wetu hana kinga ya namna hiyo. Ana ile ya kawaida, kiti amekitoa, breki ameifunga upya yeye mwenyewe. Aliujua mchezo kwa simu, akimwangalia Mskoti mmoja, Danny MacAskill, aliyezaliwa mwaka 1985 katika kisiwa cha Skye. Bwana yule alikuwa fundi wa kinga katika mji wa Edinburgh. Mwaka 2009 video yake moja ikaenea dunia nzima. Mwaka 2014 akarudi kisiwani kwao na kupita na kinga juu ya milima ya Cuillin, njia nyembamba ya mawe matupu, bonde huku na bonde kule.

Musiseme hayo ni mambo ya wazungu tu. Hapa Goma sisi ni watu wa kusimama juu ya magurudumu mawili tangu zamani. Chukudu ni nini? Ni mbao za mkaratusi, magurudumu mawili yaliyovikwa mpira, na mtu mmoja anayeshuka nayo kilima na magunia ya viazi ao ya makala, bila mota, breki yake ni kisigino. Mji wetu umemjengea sanamu katikati ya njia. Hakuna aliyesema mwenye chukudu anacheza.

Mawe yana mafundisho yake

Sasa nifike kwenye mawe, kwa sababu hapa njo kijana yule alinishangaza. Nilimwuliza: masomo na kuruka vinakutana wapi? Nilifikiri ataniambia habari za afya ya mwili. Akaniambia: "Kaka, mimi nasoma jiwe mara mbili."

Alinieleza hivi. Ile milima ya Cuillin ni mwamba unaoitwa gabro. Gabro na bazalti ni kama ndugu wa tumbo moja, vitu vilivyo ndani yake karibu ni vile vile. Tofauti ni namna vilivyopoa. Bazalti ilitoka nje kama lava, ikapoa haraka, chembe zake zikabaki ndogo sana, macho hayazioni. Gabro ilibaki chini ya ardhi, ikapoa polepole sana, chembe zikakua kubwa, na baada ya udongo wa juu kuondolewa na mvua na barafu, mwamba ukabaki na uso mkali kama tupa. Mpira wa gurudumu unashika vizuri juu ya gabro hata kama kuna unyevu. Juu ya bazalti yenye maji, unateleza. Wapanda milima wa Skye wanalijua jambo hili, na mwanafunzi wa jiolojia anaweza kukueleza sababu yake. Milima ile ina umri wa miaka kama milioni 60, ilizaliwa wakati bahari ya Atlantiki ya kaskazini ilikuwa inafunguka. Na sisi hapa tuko juu ya Bonde la Ufa, ambapo Afrika nayo inavutwa huku na huku. Kwa hiyo Mskoti yule na kijana wetu wanaruka juu ya kazi ya namna moja: ya kule ni mzee aliyekwisha poa, ya hapa bado ina moto.

Akanionyesha pia lava yetu. Iko ile laini yenye mikunjo kama kamba, na iko ile ya vipande vinavyokata viatu. Wanajiolojia wanaziita kwa maneno ya watu wa Hawaii, pahoehoe na aa. Ile laini inadanganya: pengine juu ni gamba tu, chini ni tupu, kwa sababu lava ya ndani iliendelea kutembea na kuacha shimo. Kijana hagusi jiwe na gurudumu kabla hajaligonga na kusikia sauti yake. Ikilia kama mtungi, anaondoka. Sasa niambieni, mwenye kujenga nyumba asifanye hivyo hivyo?

Kuna na jambo la tatu. Katika triali, kabla ya kupanda, mchezaji anaipita njia yote kwa miguu, anaangalia wapi pa kushukia, jiwe gani linatikisika. Anayeruka bila kutembea kwanza anaanguka. Na katika jiolojia, siku ya terrain, kazi ya kwanza ni ile ile: kutembea, kuangalia, kuandika katika kidaftari, kuchora, na baadaye tu kupiga nyundo. Mwalimu wake mmoja aliniambia kwamba wanafunzi wengi wanakimbilia nyundo. Huyu hakimbilii.

Kwa nini sisi tunahitaji mtu wa mawe

Nimesikia pia swali: kwa nini jiolojia? Kwa nini asisome udaktari ao sheria? Nijibu kwa mambo ambayo kila mmoja hapa ameyaona ao amesimuliwa na wazazi.

Nyiragongo ina urefu wa mita 3,470 na iko mlangoni petu. Lava yake ni nyepesi sana, inakimbia kuliko lava za milima mingine mingi. Ilishuka tarehe 10 Januari 1977. Ikashuka tena tarehe 17 Januari 2002, ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka usiku, ikasimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, serikali ikaamuru kartie 10 za mji zihame, na watu wakajaza njia ya Sake, njia ya Rutshuru na mpaka wa Rwanda. Wengi wenu ilikuwa mara ya pili ao ya tatu kubeba godoro kichwani.

Kisha kuna mazuku. Mazuku ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini. Haina rangi wala moto. Ni nzito kuliko hewa, basi inalala katika mashimo na mabonde madogo kama maji. Usiku na asubuhi mapema, kabla jua na upepo havijaitawanya, njo iko mbaya zaidi. Mbuzi anakufa kabla ya mtu, na mtoto kabla ya mkubwa, kwa sababu pua zao ziko karibu na chini. Kati ya Goma na Sake ziko nyingi.

Na ziwa lenyewe. Chini ya Kivu kuna gesi iliyoyeyuka katika maji ya kina: kaboni kama kilomita za ujazo 300, na metani kama 60. Mwaka 1986, kule Kameruni, ziwa Nyos, dogo sana kuliko letu, liliachia kaboni yake usiku na watu kama 1,700 wakafa. Sisemi hivi kuwatia woga. Nasema kwa sababu mambo haya yanapimwa, yanafuatwa, na kuna watu wa kazi hiyo. Mji huu una Observatwari ya Volkano tangu miaka ya 1980. Lakini kati ya mwanasayansi mwenye mashine na mama mwenye parseli katika shimo, nani anapita kueleza?

Hapa njo shida yetu sisi tuliorudi. Tunarudi, na tunakuta ardhi nzuri imekwisha kukaliwa. Tunapewa ao tunauziwa ile ambayo wengine waliiacha: bonde lenye mazuku, mteremko wenye nyufa, lava ambayo ni gamba tu. Katika matembezi yangu nimekuta familia iliyonunua parseli bei rahisi na baadaye kuku wote wakafa kwa usiku mmoja. Muuzaji alijua, majirani walijua, isipokuwa yule aliyetoka kambini. Mutualite ikiwa na mtu wake mmoja anayeweza kusimama juu ya parseli kabla ya feza kutoka mfukoni na kusema "hapa hapana", minervali yote tuliyolipa itarudi katika siku moja.

Saa za juma

Sasa tufike kwa lile linalosumbua wazazi: saa. Jiolojia si masomo ya kusoma kwa kichwa tu. Kwa mpango mpya wa vyuo vyetu, mwaka una kredi 60 na lisansi ina kredi 180. Kuna masomo darasani, kuna kazi za mikono za kutambua madini na mwamba, kuna ramani, kuna hesabu na kemia, kuna terrain na ripoti yake. Ripoti ikichelewa, pointi zinaondoka.

Nilimwomba kijana aniandikie juma lake kwa saa. Juma lina saa 168. Aliandika hivi: kulala 49, darasa na kazi za mikono 30, kusoma peke yake 20, njia 6, kutengeneza kinga za watu 14, kazi za nyumbani, maji, chakula na ibada 35, triali 7. Zinabaki 7, na hizo aliandika "mambo yanayotokea". Mwenye nyumba ya kupanga, mgonjwa, kilio, anajua mambo yanayotokea ni nini.

Angalieni hesabu ile vizuri. Triali inakula saa moja kwa siku. Anaifanya asubuhi, saa kumi na mbili mpaka saa moja, wakati mawe bado hayana moto wa jua na watoto hawajajaa pale. Saa nyingi zaidi, 14, zinaenda kwa ufundi wa kinga. Na ufundi ule ulitoka wapi? Ulitoka kwa mchezo. Mtu anayevunja kinga yake kila juma anajifunza kuitengeneza ao anaacha. Leo anarekebisha za jirani, za wauza maziwa, hata za wanachama walio hapa. Feza ile inalipa sehemu ya minervali ambayo mfuko wetu haulipi, inalipa fotokopi, na inanunua mpira na kamba ya breki. Mfuko haujanunua kitu hata kimoja cha kinga. Nimeangalia vitabu pamoja na mweka hazina, yeye yuko hapa, ataniambia kama nasema uongo.

Tena, anaenda chuoni na kinga ile ile. Wenzake wanalipa moto kwenda na kurudi. Muhesabu wenyewe ni kiasi gani kwa mwezi.

Lakini wazee nao wana haki, na ningekuwa mtu mbaya kama ningeficha. Mwaka jana kijana yule alianguka, mkono wa kuume ukateguka. Ilikuwa wakati wa kazi za ramani. Mkono wa kuchora njo ule. Alikosa kazi moja na akaifanya katika sesio ya pili. Alifaulu, lakini likizo yake iliisha ndani ya vitabu, na mama yake alilipa mganga. Kama angevunjika kabisa? Kama ingekuwa kichwa? Maneno ya wazee si wivu. Mtu aliyehesabu mahindi katika kambi anajua kwamba kitu kimoja kikivunjika, nyumba nzima inalala njaa.

Tangu siku ile kijana amejiwekea masharti, na ameyaandika nyuma ya mlango. Juma mbili kabla ya egzame hajifunzi mruko mpya, anafanya tu ile ambayo mwili unaijua. Siku ya mvua haendi kwenye bazalti. Haendi pale peke yake. Kofia ngumu kichwani kila mara, hata kwa dakika tano. Usiku kabla ya terrain, kinga inalala. Na akirudisha somo moja, kinga anampa mdogo wake mpaka matokeo yatoke. Mdogo wake, bila shaka, anaomba matokeo yachelewe.

Mizani iwe moja

Sasa nawauliza jambo. Tuko na binti mmoja anayesaidiwa na mfuko huu huu, anasoma uuguzi. Jioni anauza makala mpaka saa mbili usiku. Kuna mwingine anafundisha watoto wa watu kwa malipo. Kuna kijana wa kwaya, mazoezi mara tatu kwa juma, na siku ya sherehe anakosa hata kulala. Nani alisimama hapa akasema binti achague makala ao uuguzi? Hakuna. Kwa nini? Kwa sababu makala yanaleta feza na kwaya inaleta baraka, lakini kuruka mawe kunaonekana kama furaha tu. Tumezoea kufikiri kwamba mtu anayesaidiwa hana haki ya kufurahi. Akicheka, tunasema ameshiba, tumpunguzie.

Wandugu, hii desturi tulitoka nayo kambini. Kule ilibidi uonyeshe uso wa huzuni ili upate kadi. Hapa si kambi. Hapa ni mutualite, na kila mmoja aliyeko katika daftari ametoa kotizasio yake, hata wazazi wa kijana huyu. Msaada wetu si sadaka. Ni deni tunalokopeshana.

Kwa hiyo sipendekezi tumlinde mpanda kinga. Napendekeza mizani moja kwa vijana wote wa mfuko, na isiulize mtu anafanya nini saa kumi na mbili asubuhi.

La kwanza: tuangalie matokeo. Mwanafunzi alete karatasi ya kredi zake kila mwisho wa semesta. Akipata tulizokubaliana, msaada unaendelea. Akishindwa, tunamwita, tunamsikiliza, tunampa semesta moja ya kujirekebisha. Akishindwa tena, nafasi inaenda kwa mwingine. Awe mpanda kinga, mwimbaji ao muuza makala.

La pili: mfuko wa masomo ulipe masomo. Usilipe mpira wa gurudumu, usilipe nguo za kwaya. Na kwa upande wa ugonjwa, ajali ya mchezo isianguke yote juu ya mfuko wa afya. Napendekeza familia ibebe nusu na mutualite nusu, na asiyevaa kofia abebe yote. Hapa wazee watakubali kwamba nimewasikia.

La tatu: kila anayesaidiwa arudishe kitu katika mikono, si baada ya diploma, ni sasa. Binti wa uuguzi atupimie presha mara moja kwa mwezi. Wa jiolojia atoe Jumamosi tatu kwa mwaka, atembee na familia zinazotaka kununua parseli, awaonyeshe dalili za mazuku: majani yaliyokufa katika shimo, wadudu na ndege waliolala chini, kichwa kinachouma mtu akiinama. Awafundishe kugonga lava na kusikiliza. Yeye bado mwanafunzi, hawezi kutia sahihi karatasi ya serikali, na pale penye mashaka atawatuma kwa wakubwa wa kazi ile. Lakini kutambua shimo la hatari hakungojei diploma. Na kwa kuwa ana kinga, atafika hata pale ambapo moto inakataa.

Kwa marafiki wa mbali

Neno moja kwenu mnaotoa msaada, ambao mutasoma haya katika jarida. Picha ya kijana akiruka juu ya lava ni nzuri, na najua inapendeza kuiweka juu ya karatasi ya kuomba feza. Tafadhali musiombe picha ile tu. Mutualite haiombi kinga. Inaomba vitu ambavyo mwanafunzi wa jiolojia hana na hawezi kuvitengeneza na kamba: viatu vya terrain, nyundo ya jiolojia, lupu ya kuangalia chembe za mwamba, dira yenye kipimo cha mteremko, na feza za safari ya terrain, ambayo mwaka uliopita iliwaacha nyumbani wanafunzi wengi wenye akili. Nyundo moja ikitunzwa vizuri inatumika na wanafunzi wengi mmoja baada ya mwingine. Itaandikwa katika daftari la mutualite, si kwa jina la mtu.

Na kama mukitaka kujua feza yenu imefanya nini, musiulize ameruka mita ngapi. Muulize ni familia ngapi zilionywa kabla ya kununua shimo.

Namaliza. Wazazi wengi hapa wanaogopa kwamba mtoto mwenye mambo mawili atapoteza yote mawili. Woga huo una msingi. Lakini katika kazi yangu nimekuta vijana wengi zaidi walioacha chuo kwa sababu hawakubakiwa na kitu hata kimoja kinachowapa nguvu ya kuamka, kuliko wale walioacha kwa sababu ya kitu walichopenda. Kijana huyu anaamka saa kumi na moja na nusu. Kinga njo inamwamsha, na saa mbili yuko darasani.

Mapendekezo matatu yako mikononi mwa sekretari, yameandikwa kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Asiyejua kusoma amwombe mtoto amsomee, na kila mwenye neno alilete kabla ya mkutano wa mwezi ujao, kwa sababu siku hiyo tutapiga kura kwa kuinua mkono.